Gemu 9 Zinazomfunza Mtoi Wako Huku Akidhani Anacheza Tu

Hii stori unaijua. Umetoka kazi, umekaa kwa jam ya Thika Road mpaka mgongo umekataa, umefika keja, na kabla hujavua viatu mtoi ashakuja mbio: "Mami, nipe simu." Unampa juu unataka kupika ugali kwa amani. Dakika arobaini baadaye unacheki, unapata ametazama video za watoto wengine wakifungua zawadi, amebonyeza tangazo la beti bila kujua, na bando yako ya wiki imeenda.

Usijilaumu sana, wazazi wengi wako hapo. Mimi mwenyewe niliwahi kumwachia mpwa wangu wa Gredi ya 3 simu Jumamosi moja, na akanunua "almasi" za gemu fulani. Thao moja na soo mbili, kwisha. Nilikasirika kwanza. Halafu nikamuuliza alijuaje ni almasi ngapi anahitaji, akanipigia hesabu papo hapo: upanga ni almasi 450, alikuwa na 130, kwa hivyo alibakisha 320. Huyo ndiye mtoi ambaye ticha wake alikuwa ameandika kwa ripoti kwamba hesabu za kutoa zinamlemea!

Hapo ndipo niliona kitu. Akili anayo. Kile kilichokosekana ni sababu ya kuitumia, na gemu ilimpa sababu, ingawa ilimla pesa. Sasa swali ni hili: kuna gemu zinazoweza kumpa mtoi wako hiyo sababu bila kukufilisi? Ziko, na nyingi ni bure kabisa. Hapa chini tumekupangia tisa, kuanzia za mtoi wa PP1 hadi za kijana wa sekondari ya msingi. Lakini kabla hujakimbia kupakua, soma kwanza sehemu hizi mbili.

Gemu ya kufunza inajulikana aje?

Usidanganywe na jina. Ukiingia Play Store na utafute gemu za watoto za kujifunza, utapata mia mbovu. Nyingi ni matangazo yaliyovalishwa ABC. Tumia maswali haya manne kuchuja:

Kwanza, je, somo liko ndani ya mchezo ama limebandikwa juu? Kuna gemu ambapo mtoi anaruka vizuizi, halafu anasimamishwa ajibu 5 × 6, halafu anaruka tena. Hapo hesabu ni kama askari wa trafiki, kazi yake ni kumchelewesha, na mtoi atamchukia. Gemu fiti ni ile ambayo hesabu ndiyo mchezo wenyewe, kwamba bila kuhesabu huendi popote.

Pili, akikosea inafanyika nini? Gemu mbaya inapiga kelele na kumtoa. Gemu nzuri inamwonyesha kilichoharibika na kumwacha ajaribu tena, hata mara ishirini. Darasa la watoto sitini ticha hawezi kumpa mtoi mmoja mara ishirini. Kompyuta haichoki.

Tatu, je, inafanya kazi bila data na bila matangazo? Hili ni swali la pesa, lakini pia ni la usalama.

Nne, na hili ndilo kubwa: akimaliza, anaweza kukuambia amefanya nini? Ukimuuliza na ajibu "nimewashinda tu", weka alama ya kuuliza. Akisema "nimejenga daraja lakini likaanguka juu nilisahau nguzo," huyo amesoma.

Ushahidi uko hapo tu Tanga

Kuna watu husema gemu haiwezi kufunza mtoto kusoma. Wapeleke Tanga, Tanzania.

Mwaka wa 2014 shirika la XPRIZE la Marekani lilitangaza shindano la dola milioni 15. Kazi ilikuwa hivi: tengeneza programu ambayo itamwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu kwa miezi 15, bila ticha kusimama mbele yake. Timu tano zilifika fainali, na kila moja ikapewa dola milioni moja.

Halafu majaribio yakaletwa mkoa wa Tanga, kwa ushirikiano na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali ya Tanzania. Watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 hivi walipewa vishikwambi vilivyotolewa na Google, na vituo vya sola vya kuvichaji. Programu zote zilikuwa kwa Kiswahili. Wengi wa hao watoto hawakuwa wamewahi kuingia darasani. Zaidi ya asilimia 90 hawangeweza kusoma hata neno moja la Kiswahili wakati wa kuanza. Miezi 15 baadaye, hiyo idadi ilikuwa imepungua kwa nusu.

Mei 2019 washindi walitangazwa, na walikuwa wawili sare: onebillion kutoka Uingereza, na Kitkit School ya kampuni ya Enuma, ambayo ina mizizi Korea Kusini na Marekani. Kila timu ilienda na dola milioni tano. Sasa cheki hii: waanzilishi wa Enuma ni mke na mume waliotoka kwa biashara ya kutengeneza gemu za kawaida. Walianza kutengeneza za masomo kwa sababu ya mtoto wao wenyewe, aliyezaliwa akihitaji msaada maalum wa kujifunza. Walichofanya ni kuchukua mbinu zile zile zinazomfanya mtu mzima akeshe akicheza, yaani hatua ndogo ndogo, zawadi ndogo ndogo na kujaribu tena, na kuziweka kwa a-e-i-o-u.

Lakini soma hiyo namba vizuri, usiruke. Ilipungua kwa nusu, haikuisha. Kuna watoto walicheza miezi yote 15 na bado hawakuweza kusoma. Kwa hivyo gemu ni msaidizi mzuri wa ticha na mzazi. Kuchukua nafasi yao haiwezi, na yeyote anayekuambia inaweza anakuuzia kitu.

Sasa, orodha yenyewe.

1. Khan Academy Kids (miaka 2 hadi 8)

Hapa ndipo pa kuanzia kama mtoi wako yuko PP1, PP2 ama madarasa ya kwanza. Ni bure, haina matangazo, na haina kitu cha kununua ndani. Kuna dubu mmoja anaitwa Kodi na marafiki zake wanaompeleka mtoi kwa herufi, sauti za herufi, kuhesabu, maumbo, na hata jinsi ya kutaja hisia zake badala ya kurusha vitu.

Kitu kizuri ni kwamba unaweza kupakua vitabu na michezo ukiwa na Wi-Fi kwa ofisi ama kwa jirani, halafu mtoi achezee nyumbani bila data. Kitu cha kuangalia ni kwamba sauti ni ya Kimarekani. Usishangae mtoi akianza kusema herufi ya mwisho ni "zii". Mwambie tu shuleni ni "zedi" na maisha yaendelee.

2. GCompris (miaka 2 hadi 10)

Hii watu wengi hawaijui, na ni hasara. Ilianza mwaka wa 2000 kule Ufaransa, na jina lake likitamkwa linasikika kama "nimeelewa" kwa Kifaransa. Ndani kuna michezo zaidi ya 100: kusoma saa, kutumia maus na kibodi, kuhesabu pesa, kuunganisha saketi za stima, kufungulia mashua lango la mfereji ili ipite, kuona jinsi maji yanavyotoka baharini mpaka mawinguni na kurudi.

Ni bure, haina matangazo, haiitaji intaneti ukishaipakua, na inaingia kwa simu ya Android, Windows na Linux. Kama una ile laptopu ya zamani iliyokaa juu ya kabati ikiokota vumbi, hii itaifufua. Kila mchezo una levo zake, kwa hivyo mtoi wa miaka minne na ndugu yake wa tisa wanaweza kutumia mashine moja bila vita.

3. Tux Paint na TuxMath (miaka 4 hadi 12)

Hizi nazo ni za kompyuta, bure kabisa, na zinaweza kukimbia kwa mashine nzee. Tux Paint ni ya kuchora: mtoi anapata rangi, mihuri na sauti za kuchekesha, na kumbe anajifunza kushika maus, kuhifadhi kazi na kuifungua tena.

TuxMath ndiyo ilinisaidia na mpwa wangu yule wa almasi. Vimondo vinaanguka kutoka angani, kila kimoja kina swali la hesabu, na njia ya kukilipua ni kuandika jibu kabla hakijatua. Wiki ya kwanza alikuwa anapigwa mpaka anakasirika. Kufikia wiki ya tatu alikuwa ananiita niangalie. Hakuna almasi ya kununua pale, na hata akitaka kulipa hakuna pa kulipa.

4. ScratchJr na Scratch (miaka 5 hadi 16)

Hapa mtoi anaacha kucheza gemu za watu na kuanza kutengeneza zake. Scratch ilizinduliwa mwaka wa 2007 na kikundi cha Mitchel Resnick katika MIT, Marekani. Badala ya kuandika amri ngumu, mtoi anashikanisha vipande vya rangi kama vile anavyounganisha matofali ya kuchezea: "songa hatua 10", "ukigonga ukuta rudi nyuma", "rudia mara 5". ScratchJr ni ya miaka 5 hadi 7, haihitaji hata kujua kusoma vizuri. Scratch kamili ni kuanzia miaka 8.

Wacha nikuonyeshe somo linaingia wapi. Jukwaa la Scratch lina upana wa hatua 480 na urefu wa 360, na katikati ni sufuri. Mtoi akitaka matatu yake ianze kushoto kabisa, lazima aweke namba hasi, kama -200. Hakuna aliyemwambia "leo tunasoma namba hasi". Amezitumia juu matatu yake ilikuwa inatokea mahali pabaya na alitaka kuirekebisha. Kesho ticha akizichora ubaoni, yeye tayari ni rafiki yao.

Zote mbili ni bure. Scratch inatumika kwa kompyuta na kishikwambi, na kuna toleo la kupakua ili usitumie data. Kwa skrini ndogo ya simu inasumbua, kwa hivyo kama hauna kompyuta, saa moja kwa saiba Jumamosi inatosha kuanza. Na si mchezo tu: 2022 KICD iliidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa shule zetu. Mtoi aliyeguswa na Scratch mapema ataingia darasa hilo akiwa na raha.

5. DragonBox Algebra (kuanzia miaka 5)

Aljebra kwa mtoto wa miaka mitano? Ndio. Gemu hii ilitoka Norway mwaka wa 2012. Mwanzo hauoni namba wala herufi, unaona kadi zenye vijinyama vya ajabu pande mbili za skrini, na sanduku moja. Kazi yako ni kuliacha sanduku peke yake upande mmoja. Ukitoa kadi huku, lazima ufanye vivyo hivyo kule. Levo zikisonga, vile vinyama vinageuka kuwa namba, na sanduku linageuka kuwa x. Kabla mtoi ashtuke, ametatua mlinganyo.

Hii inalipiwa, na sasa iko chini ya kampuni ya Kahoot. Angalia bei kwanza kwa Play Store ama App Store, na kama bajeti haikubali, ruka. Ziko za bure za kutosha kwa hii orodha.

6. Minecraft (kuanzia miaka 7 ama 8)

Watoi wote wanaijua. Wazazi wengi wanaiona kama mchezo wa kupanga masanduku tu. Enyewe ni masanduku, lakini cheki hesabu iliyojificha: vitu vingi vinapangwa kwa rundo la 64. Kipande kimoja cha makaa kinayeyusha vitu 8. Mtoi akiwa na chuma 64, anahitaji makaa mangapi? Hiyo ni 64 gawanya kwa 8, na hakuna mtu amemwambia afungue daftari. Akitaka kujenga nyumba ya urefu wa 10, upana wa 6 na ukuta wa 4, itabidi ajue matofali mangapi. Na kuna madini mekundu ya redstone yanayofanya kazi kama waya za stima, na kwayo watoto wanatengeneza milango ya kujifungua, taa na hata vikokotoo.

Na hii gemu ina historia na Nairobi. Mwaka wa 2012 waliotengeneza Minecraft, kampuni ya Mojang ya Uswidi, waliungana na UN-Habitat, hilo shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao pale Gigiri, wakaanzisha mradi unaoitwa Block by Block. Wazo lilikuwa rahisi: wakazi wa mtaa wachore kwa Minecraft vile wanataka uwanja ama bustani yao ikae, halafu wapangaji wa mji watumie huo mchoro. Mojawapo ya sehemu za kwanza kabisa kujaribiwa ilikuwa Kibera, kwa uwanja wa michezo wa Silanga. Baadaye hata bustani ya Jeevanjee pale katikati ya jiji ikaingia kwa mradi. Vijana ambao ramani ya mhandisi ingewachanganya walikuwa wanaonyesha kwa vidole: hapa weka taa, hapa weka njia, hapa weka ukuta. Kwa hivyo siku nyingine ukisikia mtoi akisema anajenga mtaa, usimcheke.

Minecraft inalipiwa. Pia kuna toleo la shule, lililotoka 2016 baada ya Microsoft kuinunua Mojang, lakini hilo linahitaji akaunti ya shule. Kwa mtoi mdogo, weka ile hali ya ubunifu ambayo haina kufa wala njaa, na usimwache acheze na watu asiowajua mtandaoni.

7. Lichess (kuanzia miaka 6)

Sataranji, ama chesi kama tunavyoiita. Lichess ni bure, haina tangazo hata moja, na inafanya kazi kwa simu ya kawaida. Kuna mafunzo ya kuanzia kabisa, mafumbo ya kutatua, na unaweza kucheza na kompyuta kama hutaki mtoi akutane na wageni.

Chesi inafunza kitu kimoja ambacho shule inahangaika kufunza: kufikiria kabla ya kugusa. Na usifikirie ni mchezo wa matajiri. Phiona Mutesi alijifunzia Katwe, mtaa wa chini pale Kampala, mpaka akaiwakilisha Uganda kimataifa, na 2016 stori yake ikatolewa filamu ambayo Lupita Nyong'o wetu aliigiza kama mama yake.

8. Seterra (kuanzia miaka 8)

Ramani tupu, jina la nchi linatokea, unabonyeza mahali ilipo. Ni hivyo tu. Lakini shindaneni na mtoi kutaja nchi zote 54 za Afrika kwa dakika tano, na utagundua haraka kwamba wewe mwenyewe hujui Benin na Togo nani yuko wapi. Inachezewa kwa kivinjari bila kulipa. Hii ni ya kucheza pamoja, na mzazi akishindwa ndio inakuwa tamu zaidi.

9. Kerbal Space Program (kuanzia miaka 11)

Hii ni ya yule kijana wa sekondari ya msingi anayedhani fizikia ni adhabu. Unajenga roketi, unaiwasha, inalipuka. Unajenga nyingine, inapinduka. Ya tano inaingia angani. Ilitengenezwa Mexico, na mwaka wa 2014 hata NASA walishirikiana nao kuongeza sehemu kuhusu vimondo. Inalipiwa na inataka kompyuta yenye nguvu kidogo.

Mpe kijana wako hii stori akicheza: tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka kwa jukwaa la baharini karibu na Malindi, na ikawa ya kwanza duniani kutengwa kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Kwa nini Malindi? Juu iko karibu na ikweta, ambapo dunia inazunguka kwa kasi zaidi na kuisukuma roketi inayoelekea mashariki. Kwa gemu, akirusha roketi yake kuelekea mashariki, atajionea mwenyewe mafuta yanayobaki. Na 2023 Kenya ilirusha Taifa-1. Anga si ya watu wengine.

Na FIFA je?

Najua utauliza, juu kila mtaa una kibanda cha PS na mbogi iko hapo na mbao zao wakingoja zamu. Ukweli ni kwamba gemu za kasi zina faida fulani. Utafiti uliochapishwa na jarida la Nature mwaka wa 2003, wa Shawn Green na Daphne Bavelier, ulionyesha kwamba watu wanaocheza gemu za mapigano ya kasi wanakuwa wepesi wa kuona vitu vingi kwa mara moja. Lakini hiyo haitamfunza kugawanya sehemu. Mwache acheze mpira kama burudani, usijidanganye ni masomo. Na GTA V imewekewa alama ya miaka 18 huko Ulaya. Mtoi wa Gredi ya 5 hana biashara pale, hata kama binamu yake anayo.

Mitego ya kuepuka

Pesa. Google Play inakubali kulipwa kwa M-Pesa, na watoto wana macho makali. Kama mtoi anajua PIN yako, badilisha leo. Halafu ingia kwa mipangilio ya Play Store na uweke kila ununuzi uulize nywila. Ningefanya hivyo mapema, ningekuwa bado na thao yangu.

Matangazo. Kama gemu inafanya kazi bila intaneti, weka simu kwa hali ya ndege kabla ya kumpa. Matangazo mengi yanapotea, ununuzi unakuwa hauwezekani, na hakuna mtu wa kumpigia. Hii mbinu haigharimu chochote.

Kutoroka. Simu za Android zina njia ya kubandika programu moja kwa skrini ili mtoi asitoke kwenda YouTube. Itafute kwa mipangilio ya usalama. Pia kuna Family Link ya Google, bure, inayokuwezesha kuweka saa za kucheza na kuidhinisha kila programu.

Wageni. Roblox na nyingine za kucheza na watu wengi zina sehemu ya kuongea. Ifunge ama ukae karibu.

Muda. Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2019 lilisema mtoto chini ya mwaka mmoja asitazame skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, ikipungua ndio bora. Wakubwa zaidi hawana namba moja inayowafaa wote, lakini kama usingizi, chakula ama kazi ya shule vinaanza kuumia, muda umezidi, hata kama gemu yenyewe ni safi.

Kama keja ina simu moja tu

Hauhitaji mashine tano. Fanya hivi: chagua gemu moja tu kutoka kwa hii orodha inayomfaa mtoi wako. Ipakue ukiwa na Wi-Fi. Mwambie mapema ni dakika thelathini, na uweke kengele ilie, ili kengele ndiyo iwe adui na si wewe. Kama wako wawili, mmoja acheze na mwingine ashauri, halafu wabadilishane; anayeshauri mara nyingi ndiye anajifunza zaidi. Uliza pia shuleni kama vile vishikwambi vya serikali vilivyoanza kusambazwa 2016 bado vinafanya kazi ama vimefungiwa kwa kabati ya ofisi. Ni haki yako kuuliza.

Na kwa dakika tano za mwisho, keti naye. Muulize lile swali la nne: umefanya nini leo? Mwache akuonyeshe. Hapo ndipo mchezo unageuka kuwa somo, akilazimika kuweka kwa maneno kile mikono ilikuwa inafanya.

Halafu mfukuze nje akacheze kati, bano na brikicho na wenzake. Kama kuna mzee karibu anayejua bao ama ajua, mpeleke akafunzwe. Wazee wetu walikuwa wanafunza hesabu kwa mashimo na mbegu kabla hata stima haijafika mtaani.

Mpwa wangu sai yuko Gredi ya 4. Bado ananiomba simu kila Jumamosi, na bado nampa. Tofauti ni kwamba PIN ni mpya, simu iko kwa hali ya ndege, na ripoti ya mwisho ticha aliandika kwa kalamu nyekundu: "Hesabu: ameimarika." Thao moja na soo mbili bado zinaniuma kidogo, lakini hiyo ripoti nimeibandika kwa friji.